SOMO: Namna ya kutafuta rekodi za kesi yako katika mahakama za majimbo ya Marekani

Ndugu zangu mlioko Marekani, somo hili ni la yeyote anayejiandaa kuomba uraia, kupanga nyumba au kutafuta kazi. Kote huko utaulizwa habari za mahakamani, na mara nyingi anayekuuliza ameshaziona. Kesi nyingi za majimbo ziko wazi kwa umma, hata tiketi ya mwendokasi. Nawasihi, isome rekodi yako wewe kwanza.

Hatua ya 1: Jua kesi iko mahakama gani

Hakuna tovuti moja yenye kesi zote za nchi nzima. Tiketi za barabarani, ugomvi, kodi ya nyumba, talaka na mirathi ziko mahakama za jimbo. Kesi za kufilisika na za kuvunja sheria za serikali kuu ziko kwenye PACER, mfumo wa mtandaoni wa mahakama za serikali kuu: senti 10 kwa ukurasa, kwa kawaida isizidi dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au chini yake kwa robo mwaka hudaiwi kitu. Kesi ya uhamiaji iko kando kabisa. Hiyo haitafutwi kwa jina. Unaiangalia kwenye mfumo wa EOIR, ofisi inayosimamia mahakama za uhamiaji, kwa namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji) yenye tarakimu 9.

Hatua ya 2: Ingia tovuti ya mahakama yenyewe

Ukiandika jina lako Google, zinazotangulia ni kampuni zinazotaka namba ya kadi ya benki ili zikuuzie kile ambacho mahakama mara nyingi inakuonyesha bure. Zipite. Maryland wana Case Search, Iowa wana Iowa Courts Online, na Pennsylvania nao wana mfumo wa jimbo zima. Taarifa za msingi za kesi huko hulipii.

Ohio na Texas ni kaunti kwa kaunti, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Mkazi wa Columbus anatafuta kwa karani wa kaunti ya Franklin, hakuti kitu, anadhani yuko salama. Kumbe tiketi na kesi za kutolewa kwenye nyumba ziko Franklin County Municipal Court (mahakama ya manispaa), yenye karani wake na tovuti yake. Usipoona kitu, uliza kwanza kama umetafuta mahali penyewe.

Hatua ya 3: Tafuta jina kwa kila namna

Hapa panahitaji subira, kwa sababu majina yetu huandikwa ovyo. Tuseme unaitwa Bahati Amisi Ramazani. Polisi aliyekuandikia tiketi huenda alifanya Amisi kuwa jina la ukoo, au Bahati, au aliandika Ramadhani. Jaribu yote, geuza la mwanzo na la mwisho. Mohamed naye atafutwe kama Mohammed na Muhammad. Ukiipata, nakili namba ya kesi. Kuanzia hapo tafuta kwa namba, achana na jina.

Hatua ya 4: Soma kesi iliishaje

Neno "Closed" linawadanganya wengi. Maana yake ni kwamba faili limefungwa tu, haikuambii ulishinda au ulishindwa. Shuka hadi palipoandikwa "Disposition". "Dismissed" ni kesi kutupwa. "Nolle Prosequi" ni mwendesha mashtaka kuiacha. "Guilty" ni kukutwa na hatia. Ukikuta "Bench Warrant" (hati ya jaji ya kukukamata) au "Failure to Appear" (kutofika), mara nyingi ina maana hukufika mahakamani siku ya kesi. Tafuta wakili siku hiyohiyo. Maryland kuna "Probation Before Judgment" (kuwekwa chini ya uangalizi kabla ya hukumu), ambayo kwa sheria ya jimbo si hatia, lakini uhamiaji wanaweza kuitazama vingine. Usijaze fomu yoyote kabla hujamwonyesha wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 5: Chukua nakala yenye muhuri

Karatasi uliyochapa kutoka kwenye skrini haitoshi kwa afisa wa uraia. Nenda kwa karani na namba yako ya kesi, omba "certified disposition". Kuna ada, na ukieleza kwamba huna uwezo, uliza kama wanaweza kukusamehe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Furaha: Kaka, nimepigiwa simu na mtu anasema yeye ni sherifu, kuna hati ya kunikamata, nilipe kwa kadi za zawadi. Nifanyeje?

Jibu: Dada, usilipe hata senti. Mahakama haipokei faini kwa kadi za zawadi. Kata simu, tafuta jina lako kama hatua ya 3, kisha mpigie karani kwa namba iliyo kwenye tovuti ya mahakama, siyo aliyokupa huyo mtu.

Juma wa Ohio: Kesi yangu ilifutwa kwa amri ya jaji na haionekani tena. Kwenye N-400, fomu ya kuomba uraia, naweza kujibu kwamba sijawahi kuwa na kesi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Fomu hiyo inataka hata zilizofutwa. Kama ulichukuliwa alama za vidole, huenda bado ziko FBI, na kuficha kunaweza kukuumiza kuliko kesi yenyewe. Kama una nakala za zamani, zitunze vizuri.

Dada Riziki: Nimenyimwa nyumba kwa kesi ya mtu tunayefanana majina.

Jibu: Pole sana. Hili linawapata watu wetu mno, hasa waliopitia kambi za wakimbizi wakaandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa: jina linalingana, tarehe inalingana. Sheria ya FCRA, inayosimamia kampuni zinazouza ripoti za historia za watu, inamtaka mwenye nyumba akutajie kampuni iliyompa ripoti. Una siku 60 za kuomba nakala yako bure. Peleka pingamizi kwa maandishi, ambatisha ukurasa wa mahakama unaoonyesha kuwa kesi ni ya mwingine. Kwa kawaida kampuni ina siku 30 kuchunguza. Ukimaliza, omba ripoti iliyosahihishwa itumwe kwa mwenye nyumba pia.