Unataka kuwa bosi wa kazi za jamii, watoto ama magereza Nairobi? Anza na faili

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki, unakuwaje meneja kwa hizi kazi za jamii, na wengi wanadhani kuna kozi moja hivi ukimaliza unapewa ofisi na gari ya mlango nne. Hakuna kitu kama hiyo. Mimi nilianza nikitembea Mukuru na gambuti nikitafuta watoto wenye wameacha shule, sai nasimamia timu ya watu kumi na mmoja, na kile kilinivusha si cheti, ni faili. Mtu mwenye faili zake ziko sawa, yaani nani alikuja, shida ilikuwa gani, ulifanya nini, pesa ilienda wapi, huyo ndiye bosi akienda livu anaachiwa kiti, na ukishaachiwa kiti mara mbili mara tatu kuna siku bosi anahama na hakuna mwingine anajua vitu ziko wapi.

Lakini kwanza uchague mlango, juu hii milango haifanani na ukiingia wa makosa kurudi nyuma ni miaka.

Mlango wa serikali ndio watu wanaujua kidogo na wanauogopa bure. Chini ya Huduma za Urekebishaji kuna pande mbili, magereza na probesheni, yaani kusimamia mkosaji akiwa nje ya jela. Magereza ni kazi ya sare, unaingia kama konstebo ukitoka form four ama kama kadeti ukiwa na digrii, mafunzo ni chuo cha Ruiru, na kupanda ni cheo kwa cheo, hakuna njia ya mkato. Mtu akiambiwa askari jela anaona rungu na funguo tu, lakini Kamiti, Lang'ata Women na ile remandi ya Inda (Industrial Area) zina maofisa wa ustawi, walimu, washauri nasaha na machaplain, na mwenye kusimamia gereza anasimamia jiko, hospitali, shule, shamba na karakana, yote kwa ukuta mmoja. Tangu Moody Awori akiwa makamu wa rais alete zile rifomu za kuanzia 2003, mlango wa jela umefunguka kiasi, mashirika yanaingia, wafungwa wanafanya mitihani. Ukitaka mfano wa mtu mwenye amepanda hiyo ngazi angalia Wanini Kireri, alisimamia Shimo la Tewa na Lang'ata Women, baadaye akawa kamandanti wa hicho chuo cha Ruiru. Na kama unaenda intavyu ya upande huu soma zile Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa za 2015, ziko 122, usikariri zote, elewa tu zile za adhabu ya kutengwa, matibabu na malalamiko ya wafungwa.

Probesheni ni tofauti kabisa, na kwa maoni yangu ndio shule nzuri kuliko zote za kuandika. Hakimu wa Makadara ama Kibera kabla ahukumu mtu anaweza kuitisha ripoti, basi ofisa wa probesheni anatoka, anaenda hadi kwa mama ya huyo kijana, anaongea na chifu, anaongea na mwenye aliibiwa (huyu watu humsahau), anarudi anaandika kurasa chache zenye zinaweza kufanya mtu alale kwake ama alale ndani. Kuna ile sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inayoruhusu mtu mwenye kosa lake kifungo hakizidi miaka 3 afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa, ndio unaona watu wanafagia shule ama wanapanda miti na wako chini ya ofisa. Sasa ukiwa mkuu wa hiyo ofisi kazi yako si kwenda kortini tena, ni kuhakikisha ripoti za maofisa wako zinafika kabla ya tarehe na hazina uongo, na kupatana na shule na hospitali zipokee hao watu.

Halafu kuna ofisa wa watoto na ofisa wa maendeleo ya jamii, wa pili ndiye anasajili vikundi na anashughulika na Inua Jamii, ile 2,000 kwa mwezi ya wazee, mayatima na wenye ulemavu mkubwa. Ukienda upande wa watoto usijitokeze bila kusoma Sheria ya Watoto ya 2022. Nimekaa kwa paneli za intavyu na nakwambia mtu anakuja na digrii mbili anatuambia habari za sheria ya 2001, anasema mtoto wa miaka 8 anaweza kushtakiwa, na hiyo umri ilipandishwa ikawa 12. Hapo umejimaliza mwenyewe.

Mlango wa mashirika unaingilika haraka, unalipa vizuri siku ukilipa, na unafungwa bila hodi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje niliona watu wa miaka kumi na tano kazini wanapewa barua asubuhi na saa nane wanabeba katoni kwa boda. Kwa hivyo ukiingia huku jua mkataba wako unafuata mradi, si bidii yako, na uliza mapema mradi unaisha lini na mfadhili ni mmoja ama ni wengi. Pia ujue sheria imebadilika, ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 ikalala mpaka Mei 14, 2024 ndio ikaanza kazi, na meneja asiyeijua ni mzigo kwa shirika.

Mlango wa tatu, kikundi cha mtaa na kanisa, hauna pesa. Lakini ukiwa mweka hazina wa kikundi cha Mathare chenye kina akaunti na mkutano wa kila mwezi, hapo umeshasimamia watu na pesa tayari na hakuna mtu alikuambia.

Sasa masomo, hii nitapita haraka. Digrii ya ustawi wa jamii, sosholojia, saikolojia ama maendeleo ya jamii, chuo ni nyingi, Nairobi, Kenyatta, Catholic pale Lang'ata. Kama KCSE haikukubali, diploma ya KNEC (baraza la mitihani) ya ustawi na maendeleo ya jamii inaheshimiwa, nimeajiri watu wake na wengine wanashinda wa digrii kwa fildi. Masters ngoja. Kweli ngoja, fanya kazi miaka mitatu kwanza ndio ujue unasomea nini. Ukishaingia serikalini kuna kozi za Kenya School of Government pale Lower Kabete, ile ya usimamizi ya wiki nne na ile ya uongozi ya wiki sita, na hizo sio za kujipamba, bila hizo kuna vyeo huwezi kupandishwa hata ukiwa malaika. Anza kusumbua ofisi ikulipie mapema juu foleni ni ndefu na bajeti ya mafunzo huisha kabla ya Disemba.

Atachimenti, yaani mazoezi ya kazi ukiwa bado chuo, usifanye mahali pa kukaa ukipiga fotokopi. Nenda ofisi ya watoto ya sub-kaunti, nenda probesheni, ukitaka jela andika barua mapema sana juu kibali chao huchukua muda. Na ukiwa pale omba kitu kimoja tu: upewe kesi moja uifuate kuanzia mwanzo mpaka ifungwe, hata kama ni ya mtoto wa kurudishwa shule. Watu hurudi na barua ya "alikuwa mwenye bidii", wewe rudi ukiweza kusema nilishika kesi moja, ilikuwa hivi, ikakwama hapa, nikafanya hivi.

Kuandika sasa. Ripoti nzuri inasomwa na mtu amechoka, hakimu mwenye faili arobaini mbele yake ama mfadhili yuko kwa ndege, kwa hivyo weka juu kabisa unataka afanye nini. Halafu tenganisha kile uliona na macho yako, kile uliambiwa, na kile unafikiria wewe. Hii ya tatu ndio inafanya watu wafutwe. Unaandika "mama huyu ni mlevi" na wewe ulimpata tu amelala saa nane mchana, kumbe anafanya shifti ya usiku kwa godauni. Andika "nilimpata amelala saa nane mchana, jirani anasema anakunywa, yeye mwenyewe anasema anafanya kazi usiku, mwajiri hajaulizwa", na hapo hata msomaji anajua kitu gani bado kufanywa. Nikiona ofisa anaandika hivi namwekea alama kichwani, huyu atakuwa tim lida.

Na picha za watoto wacha. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mtoto hawezi kukupa ruhusa, ni mzazi ama mlezi, na kuweka sura ya mtoto wa kesi kwa stetasi yako ati unaonyesha kazi yako nzuri inaweza kukumaliza wewe na shirika pamoja.

Pesa. Hapa nitakaa kidogo juu hapa ndipo watu wazuri huanguka. Mwezi wangu wa pili nikiwa tim lida, shirika lenye nilikuwa (halipo sai, na sitalitaja), nilipatia watu wangu elfu thelathini na nane za semina ya wazazi, nauli na chai. Wakarudi na orodha ya watu arobaini imesainiwa vizuri, nikaweka sahihi yangu chini bila kuangalia manake nilikuwa nakimbilia mkutano mwingine. Mkaguzi alipokuja aliiangalia kama dakika moja hivi, akaniuliza mbona hawa wazazi arobaini wote walitumia kalamu moja na wote wanapinda herufi "g" vile vile. Nilikatwa mshahara miezi minne. Sikuiba hata mia, lakini sahihi ilikuwa yangu.

Tangu siku hiyo nauli naituma kwa M-Pesa ya mtu mwenyewe, orodha inapigwa picha palepale ukumbini, na napigia watu watatu simu bila mpango kuwauliza semina ilikuwaje. Ofisa akikasirika kwamba simwamini namwambia hii ni ya kukulinda wewe, na ni kweli. Serikalini ni vile vile lakini kali zaidi, ukichukua impresti ya safari, yaani pesa unapewa mapema utumie, una siku 7 za kazi ukirudi kuirudisha na risiti, ukizembea inakatwa kwa mshahara na riba juu yake. Kama bado hujui kusoma bajeti, yaani kuona mwezi wa tano kwamba mstari wa mafuta utaisha mwezi wa saba, kaa na mhasibu wa ofisi yako lanchi moja kila wiki, mnunulie chapo madondo, atakufundisha bure vitu zenye wengine wanalipia.

Watu ndio ngumu zaidi na hakuna mtu anakuandaa. Siku ya kwanza ukipewa kiti, wale mlikuwa mnakula nao mutura sasa wananyamaza ukiingia. Wacha wanyamaze. Usijaribu kuwanunua na ruhusa za bure za kutoka mapema, na usianze ukali wa ghafla. Mimi hufanya kitu kimoja, kila ofisa nakaa naye saa moja kila wiki mbili tunapitia kesi zake, si kumkagua, tunaangalia gani imekwama na gani inamlalia kifuani, manake ofisa mwenye amesikiza kesi za watoto wamenajisiwa wiki nzima hawezi kukuambia amechoka, atakuambia tu gari ilichelewa, mara tumbo, mara hajaandika ripoti. Nilichelewa kuelewa hivyo na nilimpoteza msichana mmoja mzuri sana wa kazi, nilimwandikia barua ya onyo na alikuwa anahitaji mapumziko na mshauri. Weka kwa bajeti pesa ya ushauri nasaha wa wafanyikazi wako, hata kidogo, na mfadhili akiuliza ni ya nini mwambie.

Pia tembea. Meneja wa Nairobi mwenye hajui chifu, OCS (mkuu wa kituo cha polisi), ofisa wa watoto na karani wa korti kwa majina ataandika barua tatu kwa jambo la simu moja. Namba kama 116 ya watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia ziwe ukutani, lakini usiku wa manane mtoto ako kituo cha polisi kile kinasaidia ni kujua nani atashika simu.

Kuomba kazi: za serikali kuu ziko kwa tovuti ya PSC (tume ya utumishi wa umma), za kaunti ziko kwa bodi ya utumishi ya kaunti, na kama umemaliza chuo juzi tafuta ile intanshipu ya PSC ya miezi 12. Kwa sivii toa hayo maneno ya "mchapa kazi anayejituma", weka nambari, kesi ngapi, watu wangapi chini yako, bajeti ya shilingi ngapi na ilikaguliwa ama la. Wakikuuliza kwa intavyu ulishawahi kukosea nini, usiseme ati unafanya kazi kupita kiasi, tumelisikia hilo mpaka tunacheka tukienda chai, sema kosa la kweli na ulibadilisha nini baada yake. Mimi huwa nawapa hiyo ya herufi "g".

Na zile karatasi za uadilifu, good conduct ya DCI (cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu), KRA (kodi), HELB (mkopo wa chuo), EACC (ufisadi) na CRB (madeni), usingoje tangazo litoke. Tangazo hukaa wiki mbili tatu hivi, na good conduct pekee inaweza kumeza hizo zote. Ingia eCitizen leo jioni ulipe, kesho asubuhi uwe Huduma Centre ya GPO ukachukuliwe alama za vidole kabla foleni ifike kwa ngazi.