Mapambo ya katikati ya meza: usianzie Pinterest

Wenye harusi mwaka huu mnaohangaika na mapambo ya katikati ya meza, kabla hujaskrinshoti picha hamsini za Pinterest nenda ukumbini kwako Jumamosi mchana wapambaji wakiwa wanapanga sherehe ya mtu mwingine, omba tu kwa upole uangalie, halafu kaa kwenye kiti kama mgeni, hapo ndo utaona lile vasi refu la maua linavyomziba bi harusi na MC wote. Cha juu ya meza kiwe chini ya kidevu cha mtu aliyekaa, au kiinuliwe juu kabisa kwenye stendi nyembamba, katikati hapo ni kero.

Idea zenyewe ziko kwenu. Kama mnatokea Zanzibar au Tanga, sahani ya asumini na mlangilangi na karafuu kidogo, asumini ikichumwa ikiwa bado vitumba, jioni inafunguka yenyewe na harufu inajaa meza nzima, hakuna waridi la plastiki litakupa hiyo. Wengine vikapu vya ukili, vibuyu, au kitambaa kilekile cha kitenge cha kamati kikatwe kiwe cha kuwekea chini ya maua.

Ila acheni nafasi jamani, meza ya watu 10 ina maji, soda, sahani na simu za watu. Mishumaa bila glasi sahauni kama ukumbi una feni. Na mwambie mpambaji akuwekee meza moja ya mfano kabla hujalipa yote.