Jinsi ya kuandika riaksheni ya episodi ya muziki, kwa mfano wa "Once More, with Feeling"

Riaksheni nyingi, yaani maoni ya mtazamaji juu ya alichokiona, zikihusu episodi za muziki zinafanana: mwandishi anahesabu nyimbo, anapanga ipi kali ipi imepwaya, anamsifu mwenye sauti nzuri, kazi imekwisha. Msomaji anabaki na swali lilelile alilokuja nalo: kwa nini watu hawa waliimba badala ya kusema? Kwenye tamthilia za mazimwi na uchawi swali hilo ni kubwa zaidi, maana mara nyingi wimbo haujitokezi tu. Kuna aliyeuleta.

Mfano tutakaotumia ni episodi ya 7 ya msimu wa 6 wa Buffy the Vampire Slayer, tamthilia ya Kimarekani ya msichana Buffy anayepambana na vampaya na mazimwi; ilirushwa Marekani na kituo cha UPN tarehe 6 Novemba 2001. Joss Whedon aliiandika, akaiongoza na kutunga nyimbo zake mwenyewe. Zimwi anayeitwa Sweet anaingia mji wa Sunnydale, na tangu hapo kila mtu anaimba yaliyomo moyoni, atake asitake. Anayezidiwa hucheza mpaka anawaka moto na kufa. Tahadhari mapema: hapa chini tunamwaga mtama wote, kwa hiyo kama hujaitazama, itazame kwanza.

Aliyekulia kwenye taarab ana mwanzo mzuri. Anajua kwamba neno lisilosemeka uso kwa uso linapita kwenye wimbo, na kwamba utamu wa ukumbini uko kwa yule anayejijua kuwa ndiye anayeimbwa. Ila kwenye taarab mwimbaji anajua jiwe analirusha wapi. Sunnydale siri inamtoka mtu kama kwikwi. Ndiyo maana kazi yako kubwa ni kumtazama anayesikia, zaidi ya anayeimba.

Pata nakala kamili

Episodi hii ina takriban dakika 50. Episodi za kawaida za tamthilia hii zina dakika 42 hadi 44. Ukikuta nakala yako inaishia kwenye 42 au 43, jua imekatwa ili iingie kwenye muda wa kawaida wa televisheni. Usiandike juu yake, kwa sababu utalaumu mruko ambao mtunzi hakuufanya. Angalia pia umbo la picha. Hii ilipangwa kwa picha pana, na kwenye DVD za Marekani ndivyo ilivyotolewa, ingawa nyingine za msimu huo zina picha ya mraba. Nakala iliyobanwa pembeni inakuibia wachezaji wa nyuma, na kwenye episodi hii nyuma kuna mambo.

Usiingie mkavu. Kabla yake tazama tano: ya mwisho ya msimu wa 5 ("The Gift"), kisha za msimu wa 6 namba 1, 2, 3 na 6. Jumla ni kama saa tatu na nusu. Humo utapata kifo cha Buffy, marafiki wanavyomfufua wakiamini wanamwokoa na mateso, siri anayomwambia vampaya Spike peke yake, uchumba wa rafiki zake Xander na Anya unavyotangazwa, na rafiki yake mchawi, Willow, anavyomfuta mpenzi wake Tara kumbukumbu kwa uchawi baada ya ugomvi wao. Bila hayo utaona watu wanaimba vizuri. Ukiwa nayo utaona watu wanaumbuka.

Tazama mara tatu

Mara ya kwanza usisimamishe picha, usiandike, weka simu chumba kingine. Ikiisha, kabla hujazungumza na yeyote, chukua dakika kumi uandike mistari kumi: yanayokujia kwanza, hata yasiyo na mpangilio. Usiyasahihishe. Ukisubiri kesho utaandika maoni ya watu uliowasoma usiku.

Mara ya pili ndiyo kazi. Chora jedwali la safu nne: wimbo, anayeimba, anayesikia, kilichobadilika. Safu ya tatu ndiyo inayotoa riaksheni. Jaza kama hivi:

Wimbo wa kwanza, "Going Through the Motions". Buffy anaimba makaburini kwamba anajiendea tu, haguswi na kitu. Wanaosikia ni vampaya, zimwi na kijana anayemwokoa. Rafiki hata mmoja hayupo. Kilichobadilika: hakuna, ila sisi sasa tunajua.

"Under Your Spell". Tara anamwimbia Willow bustanini. Willow anasikia na kufurahi, na hapo ndipo pa kusimamisha picha, kwa kuwa Willow anajua jambo ambalo mwimbaji halijui. Tara anasifu uchawi wa mapenzi huku kichwa chake kimefanyiwa uchawi wa kweli.

"Standing". Giles, mlezi na mwalimu wa Buffy, anamwimbia mazoezini kwamba yeye mwenyewe Giles ndiye anayemzibia njia. Buffy anaendelea na mazoezi, picha imepunguzwa kasi, hasikii kitu. Wimbo unarudi baadaye ukiwa umeunganishwa na ule wa Tara, ambaye sasa ameshagundua alichofanyiwa. Wawili wanaimba kwa pamoja, kila mmoja kwa mtu wake, na hakuna anayemsikia mwenzake. Kwenye safu ya tatu andika sifuri, kisha ueleze sifuri hiyo. Giles anaondoka episodi inayofuata.

"Something to Sing About". Hapa safu ya tatu inajaa ghafla. Wote wapo, na Buffy anawaimbia kwamba alikuwa mahali pa raha, wao ndio waliomng'oa huko. Rudisha nyuma utazame nyuso tu, hasa ya Willow, kwa kuwa yeye ndiye aliyeongoza ufufuo. Ukiwa na nafasi ya aya moja tu kwenye riaksheni yako, iwe hii.

Nyimbo fupi usizidharau, lakini usizilemeze. Mwanamume anayeshangilia doa la haradali kutoka kwenye shati lake ni David Fury, na mwanamke anayemlilia askari asimwandikie faini ya kuegesha gari ni Marti Noxon, wote waandishi na watayarishaji wa tamthilia. Zinathibitisha kwamba laana imeukumba mji mzima. Sentensi moja inatosha. Wimbo wa Noxon unasikika nyuma ya Xander na Anya, ambao wanamlalamikia Giles barabarani juu ya wimbo waliotoka kuimbiana. Shoti ni ndefu, haikatwi, na nyuma yao kuna wafagiaji watatu wanacheza na mafagio. Hao ndio unaowakosa kwenye picha iliyobanwa.

Mara ya tatu tazama vipande tu. Chukua "Walk Through the Fire" uisikilize bila picha, uone kama unaweza kutaja ni nani anayeingia na kwa nini. Kisha chukua "I'll Never Tell" uitazame bila sauti. Wanacheza kwa tabasamu la filamu za zamani, na ukiondoa sauti utaona wanavyokwepana macho kila mara uchumba unapoguswa.

Kuhusu sauti za waigizaji

Wewe si jaji wa Bongo Star Search. Waigizaji waliimba wenyewe, na wengi si waimbaji. Hinton Battle, aliyeigiza Sweet, alikuwa na tuzo tatu za Tony, zile za maigizo ya jukwaani ya Broadway, na Anthony Stewart Head, aliyeigiza Giles, alitokea kwenye jukwaa la muziki. Kuwapanga hao na Sarah Michelle Gellar, yaani Buffy, kwenye mizani moja ni kupoteza wino. Uliza kama sauti inamfaa mhusika. Sauti ya Gellar kwenye wimbo wa kwanza ni nyembamba na imetulia mno, na ndivyo anavyotakiwa kusikika mtu anayelalamika kwamba hahisi chochote. Alyson Hannigan, aliyeigiza Willow, aliomba asipewe mistari mingi, na Whedon akageuza hilo utani: Willow ana mstari unaokiri kwamba upo pale kujaza nafasi tu. Mambo kama haya yanaingia kwenye riaksheni pale tu yanapofafanua kitu kilichoko kwenye picha.

Maneno ya nyimbo kwa Kiswahili

Huwezi kuandika kwa Kiswahili bila kufika hapa, na hapa ndipo wengi wanaponasa. Usitafute vina. Toa maana kwa sentensi moja ya kawaida, halafu angalia kama Kiswahili kinakupa kitu cha ziada. Mara nyingi kinakupa. "Under Your Spell" ukiiita "Umeniroga", umebeba pande zote mbili bila jasho, kwa sababu kwetu aliyependa sana huambiwa karogwa, na aliyerogwa kweli huambiwa vilevile. "I'll Never Tell" ni "Sisemi ng'o". "Rest in Peace" ina Spike, mfu anayetembea, akimwomba Buffy aache kumjia: "Niache nipumzike" inatosha, na msomaji ataisikia "pumzika kwa amani" ya makaburini bila kuambiwa. Jina la episodi yenyewe ni kauli ya mwalimu wa kwaya: rudieni, na safari hii wekeni hisia. Buffy amerudishwa duniani, hisia zimegoma kurudi.

Mtego mkubwa ni neno pepo. Mkono utakwenda wenyewe kumwita Sweet pepo, na kwa mtu wa pwani linakaa vizuri, maana pepo na ngoma wanajuana. Lakini siri kubwa ya Buffy ni kwamba alikuwa peponi. Ukiandika "pepo alimlazimisha kusema alikuwa peponi", sentensi nzito kuliko zote imegeuka mzaha. Mwite Sweet zimwi au shetani tangu mstari wa kwanza, ulinde neno peponi mpaka mahali pake.

Sasa andika

Maneno 700 hadi 900 yanatosha. Anza ndani ya tukio moja, lile lililokuja kwanza kwenye mistari yako kumi. Muhtasari wa kisa usizidi sentensi tano. Chagua nyimbo tatu, si zaidi, na kila moja uipitishe kwenye swali la nani alisikia. Taja wimbo na tukio, usitegemee dakika peke yake: nakala moja inaanza na vipande vya kukumbusha episodi zilizopita, nyingine haina, na "dakika ya 23" yako itampeleka msomaji kusiko.

Weka lawama yako ikiwa unayo. Iliyo wazi zaidi ni Xander. Mwishoni anakiri kwamba yeye ndiye aliyemwita Sweet, akitaka kuhakikishiwa mwisho mwema wa mapenzi yake, na Sweet anamsamehe na kwenda zake. Watu walikuwa wameshaungua wakati huo. Episodi inalipitisha kwa kicheko, na tunaliona ni doa, hata baada ya kutazama mara nyingi. Ukitaka kuitetea, itetee kwa tukio unaloweza kulionyesha. "Ni komedi tu" haitoshi, kwa sababu dakika chache kabla yake shujaa alitaka kucheza mpaka afe.

Ukiamua kurekodi

Kwenye video adui wa kwanza ni muziki. YouTube hutambua nyimbo kwa mashine, hata kipande kifupi, na episodi hii imejaa muziki. Njia salama ni kutazama kwa hedifoni ili maikrofoni ichukue sauti yako peke yake. Mwanzoni hesabu "tatu, mbili, moja, cheza" na utaje picha iliyopo kwenye skrini wakati huo, ili mtazamaji alinganishe na nakala yake. Kilele cha sauti yako kikae kati ya -12 na -6 dB kwenye kipimo cha sauti. Ukipiga kelele kwenye wimbo wa sungura wa Anya na mshale wa kipimo ukagusa 0, sauti imepasuka na haitibiki.

Weka taa moja mbele yako, pembeni kidogo. Mwanga wa televisheni peke yake unabadilika kila shoti, na matukio mengi hapa ni ya usiku, hivyo uso wako utapotea hasa pale watu wanapotaka kuuona. Usizungumze wimbo ukiwa unaendelea. Mtindo wa kutafsiri juu kwa juu, ule wa Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya, unaipa raha filamu ya mapigano, lakini hapa hadithi iko ndani ya mashairi. Ukiongea, wewe mwenyewe utapitwa. Nyamaza wimbo uishe, kisha simamisha picha useme.

Usizime video pale pazia linapofunga kwenye busu la Buffy na Spike. Subiri majina yapite. Kile kijizimwi cha nembo ya kampuni iliyotengeneza tamthilia, ambacho kila wiki hupita kikinguruma, safari hii nacho kinaimba.