Kabla hujaenda kutazama bustani ya mtu mashambani Uingereza

Bustani nyingi nzuri za vijijini Uingereza ziko nyuma ya nyumba ya mtu. Mwenyewe huishi humo mwaka mzima, kisha huwafungulia watu siku moja au mbili tu, chini ya mpango uitwao National Garden Scheme. Kwa hiyo hakikisha tarehe kwanza. Nyingi hufunguliwa Jumapili alasiri, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, na ukikosea wiki utakuta geti limefungwa. Nyingine hazina siku maalumu: unaandika mapema, mwenyewe anakupangia.

Wengi wetu tuliotoka Kenya kuja kufanya kazi huku ni wauguzi, kwa hiyo nawaomba wenzangu wajue kiingilio kinakwenda wapi. Mwaka 1926 Elsie Wagg, mjumbe wa baraza la shirika la wauguzi hao, alitoa wazo kwamba wenye bustani wazifungue ili kuwachangia wauguzi waliokuwa wakiwazungukia wagonjwa majumbani. Mwaka uliofuata zikafunguliwa bustani 609, kiingilio shilingi moja ya Kiingereza ya wakati huo, zikapatikana zaidi ya pauni 8,000. Hadi leo fedha hizo huenda kwa mashirika ya uuguzi na afya, yakiwemo Marie Curie na Macmillan Cancer Support. Lipa kwa moyo mweupe. Beba na sarafu pia, maana keki na chai huuzwa mezani na majirani, na mtandao wa simu vijijini si wa kutegemea.

Mtandao huohuo ndio utakaokupoteza njia. Msimbo mmoja wa posta kijijini hubeba nyumba nyingi zilizotawanyika, na ramani ya simu inaweza kukuacha katikati ya mashamba ya ngano. Andika maelekezo kwenye karatasi, kisha ukikaribia tafuta mabango ya njano. Kama huna gari, angalia basi la Jumapili la kwenda na la kurudi. Vijiji vingi siku hiyo mabasi hayafiki kabisa. Maegesho mara nyingi ni malisho tu, na mvua ikinyesha ni tope. Vaa viatu vilivyofungwa. Choo usikitegemee, pitia mjini kwanza. Ukiwa na mzazi anayetumia kiti cha magurudumu, soma maelezo ya bustani hiyo mapema, kwa sababu njia za kokoto na ngazi za mawe ni jambo la kawaida.

Watoto washike mkono. Katikati ya mwaka utaona foxglove, mmea mrefu wenye maua ya zambarau yanayoning'inia kama vidole vya glavu, ndani yana madoadoa. Yanamvuta mtoto kuingiza kidole. Jamii ya mmea huu ndiyo ilikotoka digoksini, dawa ya moyo tunayoitoa wodini kwa tahadhari kubwa, na kila sehemu yake ni sumu ikiliwa. Mwenye mzio wa chavua ameze dawa yake kabla ya kutoka nyumbani.

Ukifika, jione umepiga hodi kwa mtu. Msalimie aliyekaa mezani getini. Usichungulie madirishani, na usipige picha za ndani. Kilichofunguliwa ni bustani, nyumba siyo. Usikate hata kijiti. Ukipenda mmea, muulize mwenyewe jina lake. Utamkuta ana udongo kwenye kucha, na swali moja tu la kweli kuhusu waridi lake litamfanya akutembeze mwenyewe hadi mwisho wa bustani, akufunulie majani kwa kidole akuonyeshe anapopogolea. Mimi huenda na kalamu kwa ajili hiyo.

Karibu na chai mara nyingi huwa kuna meza ya miche, pauni chache kwa chungu. Nunua kwa ajili ya kibaraza chako cha hukohuko. Usiifungie ndani ya begi la safari ya nyumbani: Kenya, KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, hutaka kibali kabla mmea haujaingia nchini, na mche usio na karatasi huishia uwanja wa ndege.