Somo: Simu imepunguza moshi wa biashara yako au imeongeza? Hesabu kwa lita

Sisi tunaouza kwa simu tunajisifu kwamba siku hizi hatuzunguki mjini. Mimi pia nilijisifu, mpaka nilipoanza kuandika mafuta. Chukua daftari.

Hatua ya 1. Anza wiki tangi la boda likiwa limejaa, na ufunge wiki kwa kulijaza tena. Lita za kujazia, pamoja na zote mlizoongeza katikati ya wiki, ndizo mlizochoma. Andika lita, usiandike hela. Bei hubadilika kila mwezi.

Hatua ya 2. Zidisha kwa 2.3 upate kilo za hewa ukaa, ndiyo moshi tunaouhesabu hapa (dizeli ni kama 2.7). Tuseme lita 14: kilo 32.

Hatua ya 3. Gawa kwa mizigo. Ikiwa 70, kila mzigo umebeba gramu 460 za moshi.

Hatua ya 4. Hapa ndipo simu inapofanya kazi. Oda za Mbagala zisubiriane, ziondoke Kariakoo pamoja. Mteja atume lokesheni kabla boda hajawasha pikipiki, maana "nipo hapa karibu na mwembe" humzungusha mtu mitaa mitatu. Na alipe kabla. Mzigo uliokataliwa mlangoni ni safari mbili, mauzo sifuri.

Hatua ya 5. Rudia hesabu, ila angalia na jumla. Tuseme mizigo imefika 130 kwa lita 19.5. Kila mzigo umeshuka hadi gramu 345, safi. Lakini jumla imepanda kutoka kilo 32 hadi 45! Wengi huishia kwenye gramu wakapiga makofi. Waulize wateja: bila simu ungekuja na gari lako, au ungepitia dukani ukitoka kazini? Wa kwanza umempunguzia moshi. Wa pili umemwongezea.

Maswali ya wanachama

*Lita ya petroli haifiki hata kilo moja. Hizo 2.3 zinatoka wapi?*
Hewani, kaka. Petroli sehemu kubwa ni kaboni, na ikiungua kila chembe ya kaboni hudaka mbili za oksijeni.

*Na chaji ya simu?*
Uniti moja ya umeme huchaji simu mara hamsini na zaidi. Achana nayo. Moshi mwingi wa simu hutoka inapotengenezwa, kwa hiyo tunza uliyonayo.

*Nikinunua pikipiki ya umeme?*
Utaandika uniti badala ya lita. Moshi utategemea umeme umetoka wapi: wa Bwawa la Julius Nyerere ni maji, wa Ubungo ni gesi asilia. Wenzetu wa Kenya wana jotoardhi ya Olkaria.

*Dada, mteja akitaka mzigo leo leo?*
Mtajie nauli ya boda wa peke yake, kisha ya kuchangia na wenzake kesho asubuhi. Wangu wengi husema kesho.