Kutoka Dodoma hadi jukwaani: jinsi ya kupata na kufanya kazi ya mhadhiri kwenye meli za kitalii

Meli za kitalii zinazopita upande wetu wa Bahari ya Hindi, hasa kati ya Novemba na Aprili, zikigusa Mombasa, Zanzibar, Nosy Be ya Madagascar na Mahé ya Shelisheli, huwa na siku ambazo abiria hawaoni nchi kavu kutwa nzima. Siku hizo ndizo za mhadhiri. Anapanda jukwaani asubuhi, anazungumza dakika 45 kuhusu mahali meli inakoelekea, kisha anashinda akijibu maswali ya watu wanaomsimamisha koridoni na mezani.

Watu wa Dodoma, Kondoa, Manyoni na Singida hujiondoa mapema kwa kudhani kazi hii ni ya waliozaliwa ufukweni. Wanajipunja. Abiria anayeshuka Zanzibar huonyeshwa milango ya nakshi na soko la watumwa, lakini ni nadra kukutana na mtu wa kumweleza pembe za ndovu zilizouzwa hapo zilitoka wapi, zilibebwa na nani, na msafara ulilipa nini kupita Ugogo. Bara ndilo linaloifafanua pwani, na mwenye maarifa ya bara ana bidhaa isiyo na wauzaji wengi.

Kazi mbili zisizofanana

Kwanza ipo kazi ya mhadhiri mgeni kwenye meli kubwa, zenye abiria mia kadhaa hadi elfu kadhaa. Kwa kawaida huyu halipwi mshahara. Anapewa chumba na chakula, mara nyingi pamoja na mwenzi mmoja, naye anatoa mihadhara siku za baharini. Nauli ya ndege, viza, bima, vinywaji na intaneti mara nyingi ni juu yake. Baadhi ya mawakala wanaowaunganisha wahadhiri na kampuni za meli humtoza mhadhiri ada kwa kila siku ya safari.

Ya pili ni ya mtaalamu wa viumbe kwenye meli ndogo za uchunguzi, zenye abiria kama 100 au 200, zinazokwenda visiwa vya mbali na nchi za barafu. Huyu ni mfanyakazi: analipwa kwa siku, kwa kawaida hutumiwa tiketi, na mihadhara ni sehemu tu ya kazi. Alfajiri yuko juu akitafuta nyangumi kwa darubini, asubuhi anashusha watu kwa boti za mpira za Zodiac, mchana anaongoza kundi nchi kavu, jioni anasimama dakika tano hadi kumi kueleza kilichoonekana siku hiyo.

Amua mapema unaomba ipi, kwa sababu vyeti, maombi na hesabu ya fedha vinatofautiana kabisa. Kwa anayeanzia Dodoma bila uzoefu wa bahari, mlango wa kwanza ni rahisi kufungua, ingawa hauleti kipato. Wa pili una kipato lakini unataka maandalizi ya mwaka au zaidi.

Chagua mada kwa njia ya meli

Kosa linalowakosesha wengi nafasi ni kupeleka mada wanazozipenda wao. Anayepanga burudani melini hununua mada inayolingana na bandari. Fungua ratiba ya safari unayoiomba, andika bandari zote, kisha tafuta uzi unaotoka katikati ya Tanzania kwenda kwenye kila bandari. Kwa safari ya Mombasa, Zanzibar, Madagascar na Shelisheli, seti kama hii inasimama vizuri:

Njia ya pembe. Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, hongo, yaani ushuru, iliyotozwa na watemi wa Ugogo kwa ajili ya maji na njia, wavumbuzi Waingereza Burton na Speke waliopita hapo mwaka 1857, na Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, walioubeba mwili wake kutoka Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873 hadi ukafika Bagamoyo Februari 1874. Huu utoe siku moja kabla ya Zanzibar, usitolewe baada yake.

Mbuyu. Dunia ina aina nane za mibuyu: sita ni za Madagascar peke yake, moja ya Australia, na moja ni hii yetu ya Afrika iliyotapakaa Dodoma. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 unaonyesha chimbuko lake ni Madagascar, na mbegu zikavuka bahari. Abiria anayeenda kuiona mibuyu ya Madagascar atajaa ukumbini.

Michoro ya Kondoa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mwaka 1951. Eleza tofauti ya michoro myekundu ya wawindaji, yenye twiga, pofu na watu warefu wembamba, na ile myeupe ya baadaye inayoifunika.

Pepo za kaskazi na kusi. Namna majahazi yalivyosafiri kwa majira, na namna ratiba ya misafara ya bara ilivyofuata upepo huohuo.

Muziki wa Wagogo: zeze, ilimba (kinanda cha kupiga kwa vidole gumba), na ngoma ya muheme inayopigwa na wanawake. Huu ni wa jioni. Pata ridhaa ya wanamuziki kabla ya kucheza rekodi yao.

Simba na tembo waachie wengine. Abiria wengi wamekwishaona filamu zao, na huenda meli ina mhadhiri mwingine mwenye picha nzuri kuliko zako.

Zaidi ya mihadhara iliyokubaliwa kwenye mkataba, beba miwili au mitatu ya akiba. Mawimbi yakikataza kushusha watu bandarini, nahodha anaifuta bandari, siku inageuka kuwa ya baharini, na saa mbili baadaye unaulizwa kama una kitu cha kusema. Mhadhiri mwenye jibu la “ndiyo” hukumbukwa.

Kuutengeneza mhadhara wa dakika 45

Dakika 45 ni kikomo. Baada yako kuna mchezo au maonyesho mengine ukumbini humo, na mafundi wataanza kubadilisha jukwaa ukiwa bado unaongea. Wasikilizaji wengi wamepita miaka 60, baadhi wana shida ya kusikia, na Kiingereza cha Tanzania kinaweza kuwa kigeni masikioni mwao. Zungumza kwa mwendo wa maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Yaani mhadhara mzima una maneno kama 5,000, nao unatosha slaidi 40 hadi 50. Ukiwa na slaidi 90 utakimbia, na anayekimbia jukwaani hapati alama nzuri kwenye fomu za maoni.

Kila slaidi iwe na picha moja kubwa na maneno yasiyozidi kumi. Tumia umbo la 16:9, picha zenye upana wa angalau pikseli 1,920, na herufi za pointi 28 kwenda juu. Video ziweke ndani ya faili lenyewe kama MP4. Anayetegemea intaneti ya meli kuifungua video atasimama mbele ya skrini nyeusi. Weka nakala kwenye kompyuta yako, kwenye flashi mbili, na nyingine ya PDF. Beba pia adapta ya HDMI na kifaa chako cha kubadilishia slaidi, chenye betri za akiba.

Slaidi ya pili au ya tatu iwe ramani, nayo ionyeshe meli ilipo leo na Dodoma ilipo. Bila hivyo abiria atasikiliza majina ya Mpwapwa na Kilimatinde kama mashairi asiyoyaelewa.

Picha za michoro ya Kolo, kijiji cha Kondoa, zina shida yake: wekundu umefifia, na kwenye projekta unapotea kabisa. Usiloweshe mwamba ili rangi ing'ae. Maji huharibu mchoro, na ni kosa ambalo waongozaji wa zamani walilifanya sehemu nyingi duniani. Piga picha asubuhi au jioni jua lisipougonga mwamba moja kwa moja, kisha tumia DStretch, programu iliyotengenezwa mahususi kukoleza rangi za michoro ya miambani. Onyesha picha ya kawaida kwanza, kisha ile iliyokolezwa, na useme wazi kuwa umeikoleza. Kabla ya kupiga picha, pita kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, lipa kiingilio, na eleza matumizi yake.

Fanya mazoezi kwa sauti mbele ya watu wasiojua mada: wanafunzi wa UDOM, kikundi cha kanisa, wageni wa hoteli. Mhadhara mmoja urekodi wote, kamera ikiwa imara na sauti safi, kisha ukate dakika tano hadi nane za katikati. Hiyo ndiyo video ya kuombea kazi. Anayechagua anataka kukuona ukifundisha. Utambulisho wako unamfikia kwa njia nyingine: wasifu wa ukurasa mmoja, na orodha ya mihadhara sita yenye kichwa na maelezo ya mistari mitatu kila mmoja. Tuma miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya safari.

Vyeti na makaratasi

Mhadhiri mgeni mara nyingi huandikishwa kama abiria, hivyo vyeti vya ubaharia huenda visidaiwe. Mtaalamu wa viumbe huandikishwa kama baharia, na hapo anahitaji mafunzo ya msingi ya STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama binafsi, pamoja na uelewa wa ulinzi melini. Chuo cha Bahari Dar es Salaam (DMI) kinafundisha, na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndiyo yenye mamlaka ya vyeti na vitambulisho vya mabaharia kwa Tanzania Bara. Kuna pia uchunguzi wa afya ya baharia, ambao cheti chake hakizidi miaka miwili.

Mtu wa Dodoma asiyeweza kuogelea ajifunze kabla ya kulipia kozi. Somo la kujiokoa hufanyika majini: unaruka ukiwa na jaketi la kuokolea, unaigeuza boti ya mpira ya kuokolea iliyopinduka, unapanda ndani yake. Miezi miwili kwenye bwawa la hoteli mjini inatosha kuondoa woga. Ndege wa majini jifunze kwenye bwawa la Hombolo, Mtera na mbuga ya Bahi, lakini mabwawa hayo si mahali pa kujifunzia kuogelea.

Viza ndiyo inayowakwamisha Watanzania wengi kuliko ujuzi. Usikague nchi unayopandia peke yake. Kagua kila bandari iliyomo kwenye ratiba. Meli ikitoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kurudi, viza ya kuingia mara moja imekwisha nguvu. Baharia anayekwenda Marekani huomba ya aina ya C1/D. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam na zinataka alama za vidole, basi panga safari hiyo mapema. Pasipoti ibaki na miezi sita ya uhai baada ya safari na kurasa tupu za kutosha. Cheti cha homa ya manjano huanza kufanya kazi siku kumi baada ya chanjo, na tangu 2016 ni cha maisha.

Safiri kwenda bandarini angalau siku moja kabla. Treni ya SGR imeifanya Dodoma kuwa jirani wa Dar, lakini ndege ikichelewa huko mbele, meli haikungoji.

Fedha na mitego

Kwa meli kubwa, piga hesabu kabla ya kusaini: nauli ya kwenda na kurudi, viza zote, bima inayolipia matibabu na kuhamishwa kutoka baharini, ada ya wakala mara idadi ya siku, hoteli ya usiku wa kwanza. Jumla ikizidi uwezo wako, subiri safari inayoanzia Mombasa au Zanzibar, ambako nauli ni ndogo.

Kwa kazi ya ubaharia yenye mshahara kanuni ni nyingine. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza kumtoza baharia ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kugharamia ni pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha afya; viza ni juu ya mwenye meli. Anayekuomba fedha kwa simu “ya kushikilia nafasi” muulize usajili wake, kisha uthibitishe TASAC au kwa ofisi ya serikali ya huduma za ajira kabla ya kutuma hata shilingi.

Ukishapanda

Zoezi la dharura hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Milio mifupi saba na mmoja mrefu ina maana uende kituo chako. Hudhuria hata kama umeshaifanya safari hiyo. Mhadhiri anayekosa huripotiwa.

Siku hiyohiyo mtafute fundi wa ukumbi, ujaribu kompyuta, sauti na taa. Muulize kama kipaza sauti ni cha kushika au cha kubandika, maana huwezi kushika kipaza sauti, kifaa cha slaidi na meza kwa pamoja meli inapoyumba. Ikiyumba, panua miguu na usiondoe mkono mezani. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya kuumwa; ikishaanza kutapisha imechelewa. Ijaribu nyumbani kwanza, kwani baadhi zinaleta usingizi.

Usigawe kadi za kampuni yako ya utalii wala kuuza vinyago: mikataba mingi inakataza. Siasa na dini ziguse kwa uangalifu. Kwenye biashara ya watumwa, hata hivyo, sema ukweli wote kwa sauti tulivu. Abiria wanaweza kuubeba, na ukiupunguza unawanyima walichokuja kukisikia.

Kwenye meli za uchunguzi kuna ukaguzi wa nguo na viatu kabla ya kushuka visiwani au Antaktika. Mbigili na mbegu za nyasi za Dodoma hujificha kwenye nyuzi za viatu, mikunjo ya suruali na mifuko ya begi la kamera. Zing'oe kwa kibanio na brashi ngumu ukiwa bado nyumbani. Huko Antaktika kanuni za IAATO, chama cha kampuni za utalii wa huko, zinaruhusu watu wasiozidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja, mwongozaji mmoja kwa abiria 20, na umbali wa mita tano kutoka kwa pengwini. Kazi yako ni kuwarudisha nyuma wenye kamera, hata wakinuna.

Siku mbili kabla ya kushuka, muombe mkuu wa burudani muhtasari wa alama ulizopewa na abiria, kwa barua pepe. Ambatanisha barua hiyo kwenye ombi linalofuata, pamoja na video mpya iliyopigwa kwenye ukumbi wa meli.