Mzee bado anaendesha trekta peke yake? Fanya hivi
Mzee wangu ana miaka 74 na ukimwambia aache trekta ni ugomvi, basi usianzie hapo. Anzia kwa simu, ikae mfukoni mwake sio kwa kibanda, na akitoka aseme anaenda shamba gani na anarudi saa ngapi, ikipita nusu saa mtu aende kumcheki. Kubwa zaidi ni ile shafti ya PTO huko nyuma, ile inayopeleka nguvu ya injini kwa mashine unayofunga nyuma ya trekta, inazunguka mara 540 kwa dakika, ikishika koti hata hutapata muda wa kupiga kelele, kwa hivyo kava iwepo na azime injini kabla hajashuka. Trekta ikiwa na fremu ya chuma ya kumkinga ikipinduka, afunge mkanda, kama haina asifunge. Mteremkoni peke yake hapana, hapo sibembelezi mtu.